Megabaiti Nane

Mama alitangaza kuacha kufundisha Jumamosi mchana, akiwa na pini tatu mdomoni. Pini hazikumzuia kitu, maana mdomo hakuwahi kuuhitaji kwa kusemea. Alimgusa binti yake kwa ncha ya kiatu ili ageuke, kisha akasema kwa mikono, kama alivyosema maisha yake yote: "Somo la wiki hii ndilo la mwisho. Waandikie wanafunzi."

Binti alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya kukatia vitambaa, anapangusa vumbi kwenye kompyuta kuukuu iliyobeba tovuti ya masomo. Nyumbani walimwita Sikio, kwa kuwa katika familia nzima ya viziwi yeye peke yake alizaliwa anasikia. Alikuwa fundi wa kompyuta ofisini, na tovuti ile aliijenga mwenyewe ili Mama, mshonaji, aweze kuwafundisha ushonaji kwa lugha ya alama wanawake viziwi wa miji mingine. Mama alikuwa anajirekodi, Sikio anakagua, wanafunzi wanatazama. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, au ndivyo Sikio alivyodhani.

"Kuacha? Kwa nini?"

Mama alitema pini kiganjani, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. "Mikono yangu imezeeka. Haisemi tena."

Akampa simu asome maoni ya wanafunzi. *Mwalimu, hapo kwenye kola umesema nini? Mwalimu, rudia tafadhali, sijaelewa.* Na mmoja, mstaarabu kupita kiasi: *Pole mwalimu, siku hizi mikono yako haisomeki.*

Sikio aliyasoma mara mbili. Kwa Mama hayo yalikuwa sawa na kumwambia mtu kwamba sauti inamwisha. Ndipo alipolielewa lile beseni la maji ya moto ambalo Mama alikuwa analowekea mikono kila asubuhi. Yeye alidhani ni uchovu wa mkasi. Kumbe mama wa watu alikuwa anaogopa, peke yake, bila kumwambia mtu.

"Mbona mimi unaniambia kwa mikono hiyohiyo na nakuelewa?"

"Wewe ni mwanangu. Unanielewa hata nikijikuna kichwa."

Sikio hakukubali. Alikalia kigoda, akafungua somo la mwisho ili amwonyeshe Mama kwamba wanafunzi ndio wazembe. Mkasi ukakata kitambaa, cherehani ikanguruma, bila kukwama hata kidogo.

"Si hii hapa? Iko safi kabisa."

"Safi nini?"

"Sau..."

Mkono wake ulisimama hewani. Jamani! Hivyo ndivyo alivyokuwa anakagua kila somo: analifungua, anaendelea kuosha vyombo au kupiga pasi, na akisikia mkasi na cherehani mwanzo hadi mwisho bila kukatika, anasema limepita. Masomo ya viziwi, yeye alikuwa anayakagua kwa masikio. Na kuhusu maneno ya Mama, aliyajua tangu utotoni, basi hakuona haja ya kuyatazama.

Sasa akatazama. Vidole vya Mama vilikuwa vimeshikana kama mishumaa iliyoachwa juani. Usingeweza kujua kama anasema kata au anasema kunja. Kwenye kola, mkono mzima ulikuwa wingu tu.

Sababu aliijua papo hapo, na ndiyo iliyomuuma zaidi. Tovuti ilikuwa haipokei faili linalozidi megabaiti nane. Hakuna aliyeichagua namba hiyo. Ilikuja na programu, naye akaiacha, akisema ataibadilisha akipata nafasi. Badala yake alimwekea Mama kwenye simu programu ya kubana video. Mwanzoni masomo yalikuwa ya dakika moja, yakibanwa hayaumii. Kadiri Mama alivyozidi kujiamini na kufundisha kwa kirefu, yote yalilazimika kuingia kwenye nane zilezile, na vidole vyake ndivyo vilivyolipia.

"Mama, si mikono yako. Ni mimi."

"Usinibembeleze."

Mama akakunja mikono kifuani. Kwa mtu anayesema kwa mikono, hapo mazungumzo yamefungwa.

Sikio akaanza kazi. Akapandisha kikomo cha faili hadi megabaiti mia tano, akajaribu kulipakia somo lilelile kwa nakala isiyobanwa. Bahati nzuri Mama hafuti kitu kwenye simu yake. Likakataliwa. Akakumbuka kwamba mzigo wote unaotumwa kwa mara moja una kikomo chake, kimeandikwa mahali pengine, nacho bado kilikuwa nane. Akakipandisha. Likakataliwa tena, safari hii hata kabla ya kuifikia programu, kwa kuwa seva nayo ilikuwa na kikomo chake, kama mlinzi wa getini asiyejua kwamba wenye nyumba wameshamkaribisha mgeni. Akakirekebisha hicho pia, akaiwasha seva upya, akahakikisha diski ina nafasi. Ilikuwa nayo tele, tena tangu siku ya kwanza.

Mstari wa kupakia ukaanza kujikokota. Mama hakubandua macho. Ulipofika mwisho, Sikio alizima sauti kabisa, akafungua somo.

Mikono ya Mama ikatokea, kila ukucha mahali pake. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mbona nasema vizuri?" aliuliza, polepole.

Kisha akampiga Sikio kofi la bega. "Miezi yote hii ulikuwa unaangalia nini?"

"Sikuangalia, Mama. Nilisikiliza."

Mama alimkodolea macho, halafu akaangua kicheko, kile kicheko chake kikubwa ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukisikia. Alicheka mpaka akashika meza. Kilipoisha, uso ulikuwa umelowa. "Nilidhani nimebaki na wewe tu wa kuongea naye," alisema. "Nilishaanza kuzoea."

"Nisamehe."

"Waandikie wiki ijayo tunashona mifuko ya suruali. Na hili walitazame upya."

Sikio alitaka kufunga somo aandike, lakini akajizuia. Safari hii alitaka kulitazama lote. Alimtazama Mama akipima, akikata, akigeuza kola, akieleza kwa subira ambayo nyumbani haikuwa nyingi kiasi hicho. Mwishoni kabisa, Mama wa kwenye kioo aliweka mkasi chini, akawageukia wanafunzi.

"Aliyewafikishia masomo haya ni binti yangu," mikono ilisema. "Bila yeye ningekuwa nasemea humu chumbani tu. Mshukuruni, kama ninavyomshukuru mimi."

Sikio alimgeukia Mama. "Ulianza lini kusema hivi?"

"Tangu somo la kwanza," Mama alijibu. "Nasema kila somo."