Kuunga Mkono

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na desturi ya kuanza na kura, hoja ikafuata. Siku hiyo alisimama mbele ya ukumbi, akafuta jasho, akasema, "Wanaoafiki wanyooshe mikono." Wakanyoosha. Ndipo akasoma: chumba cha wazazi cha zahanati kifungwe, kiwe ghala la viti vya mikutano.

Watu walitaka kupiga makofi wakashindwa, maana mikono ya kulia haikushuka.

Mama fundi cherehani hakunyoosha wake. Mkwewe alikuwa na mimba pevu, na yeye mwenyewe alikuwa bado anangoja kusikia ni jambo gani.

Kesho yake foleni ya kwenda kwake ilifika barabarani. Mashati yalikuwa hayavaliki. Mama fundi alifumua mikono ya kulia, akaishona ielekee juu. Wa kwanza alikuwa kinyozi, jirani yake.

"Mwanangu, jana uliunga mkono nini?"

"Sijui, mama. Niliunga tu."

"Mimi kuunga mkono ndiyo kazi yangu, na siungi kabla sijaona kitambaa."

Kinyozi alicheka. Kisha akakunja uso, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Lakini mama, hivi mkweo akishikwa na uchungu, atazalia wapi? Kwenye viti?"

Mkono wake ukashuka, ukatua gotini. Akaomba shati lirudishwe lilivyokuwa.

Habari zikaenea kwamba dawa ni kuuliza. Watu walizisikia, wakamshukuru Mungu, wakaendelea na shughuli zao. Mkono wa juu ulikuwa umeshazoea kushika mwavuli na kuning'inizia kikapu. "Na shati ndilo hilo, umeshanishonea," alisema muuza mboga. "Nianze tena kusumbuka?"

Mkutano uliofuata, mama fundi alisimama na mkwewe. "Mwenyekiti, huyu atajifungulia wapi?"

"Swali zuri sana, mama. Tulipigie kura. Wanaoafiki chumba kibaki ghala?" Akautazama ukumbi, mikono ikiwa juu tangu ule mkutano wa kwanza. "Naona mmeshaafiki. Asanteni."

Mkwewe alijifungulia juu ya meza ya kukatia vitambaa, kinyozi akichemsha maji. Mungu alisaidia, mama na mtoto walitoka salama.

Majirani walikuja kumwona mtoto. Walimtazama katika kishati chake kipya, mikono yote miwili chini, wakatikisa vichwa kwa huruma. Hakuna aliyeuliza kitu. Mama fundi akawakaribisha viti.