Siku Nne za Kukaa Pembeni

Jumatatu asubuhi nilitangaza kwamba niko kwenye siku zangu. Nikabeba mkeka, blanketi na sahani yangu ya bati, nikaenda kukaa kwenye pembe ya baraza, chini ya mahindi tuliyoyatundika. Kwetu mwanamke akiwa hivyo hagusi jiko wala maji kwa siku nne, kwa hiyo nyumba nzima inajua hesabu zako. Ukikosa kukaa pembeni mwezi mmoja, hata jirani wa ng'ambo ya bonde anaanza kuhesabu vidole. Na mimi sikuwa kwenye siku zangu. Nilikuwa na mimba ya wiki tisa na siku tatu.

Nina miaka arobaini na mitatu. Mkamwana wangu Sirjana, mke wa mwanangu Nabin aliyeko Malaysia, ana mimba ya miezi minane. Hebu fikiria, mkwe na mkamwana wanapishana mlangoni na matumbo. Mwezi uliotangulia nilidanganya hivyohivyo na ikapita, nikajiona mjanja.

Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo nilikwenda zahanati kwa kisingizio cha jino. Sista Kopila alinipima, akafunga mlango.

"Mama Nabin, uamuzi ni wako," alisema. "Ukiamua kuzaa, tutakuwa na wewe bega kwa bega, maana presha yako siipendi, na uzazi wa mwisho ulipoteza damu nyingi. Ukiamua kuitoa, sheria inaruhusu, na vidonge ninavyo. Ila hapa mwisho wetu ni wiki kumi, yaani Ijumaa ijayo. Ikizidi hapo, uende hospitali ya wilaya."

"Na baba yake je?"

"Mumeo Dambar? Sahihi inayotakiwa ni yako tu."

Niliolewa na miaka kumi na sita. Watoto wanne nimezaa, mmoja nimezika, na hakuna siku mtu aliniuliza kama nataka. Sasa naulizwa, jibu sina. Ndiyo maana nilizitaka zile siku nne, nikae nifikiri bila mtu kunituma kuni.

Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Asubuhi namtaka mtoto huyo. Namkumbuka Nabin mchanga, nilivyomkanda kwa mafuta ya haradali juani, alivyonukia vizuri. Mchana simtaki. Nakumbuka damu ilivyoloanisha godoro mpaka chini, na mume wangu amesimama mlangoni akilia. Halafu nani atamkanda Sirjana akijifungua? Nani atampikia mchuzi wake wa uzazi? Nikimwambia Dambar atafurahi, yule akisikia mtoto anafurahi tu. Akishafurahi, mimi nimekwisha. Nilimchukia kwa furaha ambayo hata hajaipata bado, maskini wa watu.

Ila kuna jambo sikulipigia hesabu, na aibu yake ninayo mpaka leo. Mimi nikikaa pembeni, kazi zote zinamwangukia Sirjana. Mama mkwe wangu ana miaka themanini, mgongo umepinda, kazi yake ni kukaa mlango wa jikoni na kulinda desturi. Kwa hiyo yule binti mwenye mimba ya miezi minane alipika yeye, akakata majani ya nyati wetu wa maziwa yeye, akateka maji bombani kule chini yeye. Mimi nimekaa mzima wa afya, namtazama.

Siku ya kwanza nilijiambia ana nguvu. Siku ya pili nikageukia ukutani.

Jumatano alipanda ngazi za mawe na mtungi wa shaba kiunoni. Alipofika ya tatu kutoka juu, mguu ukateleza. Mtungi ulishuka ukigonga kila jiwe, na yeye akaanguka kwa ubavu, mikono imekumbatia tumbo.

Sijui nilifikaje. Nilimwinua, nikampeleka moja kwa moja jikoni kwenye moto, nikachota maji ya sukari kwa mkono wangu, nikamnywesha.

"Anacheza?" nilimuuliza.

"Hachezi, Mama."

"Kunywa. Lalia ubavu wa kushoto."

"Hachezi."

Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama, kashika mhimili. "Tulasa," alisema, "umeingia jikoni. Umegusa maji."

Mkono wangu ulikuwa juu ya tumbo la Sirjana, na nilikuwa nasema moyoni, kama nimemuua mtoto huyu kwa uongo wangu, basi nami nisionekane tena. Tulikaa hivyo muda ambao wali ungeiva. Kisha kitu kikanipiga teke kiganjani, teke la nguvu. Sirjana akacheka huku analia.

Ndipo nikageuka. "Mama, sijachafua jiko. Siko kwenye siku zangu. Nina mimba."

Bibi yule hata hakupepesa. "Mimba ya Dambar. Basi utazaa. Watalelewa pamoja."

Imekwisha hiyo, kwa maneno saba. Nikahisi hasira inanipanda mpaka masikioni.

Sirjana akanishika kidole. "Mimi nilijua tangu mwezi uliopita," alisema taratibu. "Hukuanika kitambaa hata kimoja. Nilikuwa nangoja useme. Mama, wewe unataka nini?"

"Sitaki," nilisema. Jibu lilitoka lenyewe, na nilipolisikia nikalijua kuwa ndilo. "Nimechoka, na naogopa kufa. Nataka kuwa bibi. Ijumaa naenda kwa Kopila."

Mama mkwe alikaa chini polepole. Mwisho akasema, "Nipe maji." Nikasita. "Si umesema uko safi? Lete." Akanywa kikombe chote kutoka mkononi mwangu, kisha akasema Dambar nimwambie mwenyewe, yeye hamo.

Nilimwambia usiku ule. Alilia. Hakunizuia.

Ijumaa nilitia sahihi, nikapewa vidonge. Jumapili nilikuwa tena pembe ya baraza na blanketi langu, safari hii damu ni ya kweli, tumbo likinikata, na moyo mzito ingawa sikujuta. Dambar ndiye aliyeteka maji, wanaume wenzake wakimcheka bombani. Nikasikia fimbo ikigonga sakafu. Mama mkwe alikuwa anakuja na sahani, mchuzi wa ajwani, zile mbegu za kiungo anazopikiwa mwanamke aliyejifungua, kaupika mwenyewe. Miaka ishirini na saba, kila nikikaa pembeni, alikuwa ananiwekea sahani mbali, kisha anaisukuma kwa fimbo. Nilinyoosha mkono kungoja aiweke chini.

Hakuiweka chini. Alinikabidhi mkononi, vidole vyake juu ya vyangu, akakaa mkekani kwangu mpaka nilipomaliza kula.