Lulu wa Huku na Lulu wa Ng'ambo

Pale Tandika palikuwa na maneno kwamba mtoto akitibiwa zahanati mbili, wanarudi watoto wawili. Somoe aliyasikia akipepeta mchele, na hayakumtoka tena.

Lulu wake alishawahi kuchomwa sindano ya PPF, ile ya penisilini, zahanati ya serikali. Uso ulivimba mpaka macho yakafumba. Alipopata nafuu, Nesi Anjelina alisema, "Hii asiguswe nayo tena." Akaandika kwenye faili, akalifungia kabatini.

Miaka ile zahanati za watu binafsi zilisharuhusiwa, na moja ikafunguliwa ng'ambo ya barabara. Homa ilipomshika Lulu, serikalini dawa hakuna. Jirani yake Felicitas akamwambia, "Mama Lulu, usiseme mnatibiwa kwingine. Watakurudisha huko huko, na masimango juu." Kina mama wote walikuwa wakifanya hivyo.

"Ameshatibiwa wapi?" akauliza Daktari Kamugisha wa ng'ambo.

"Hajatibiwa popote, daktari. Mie ndo kwanza namtoa nyumbani."

Somoe alitoka na vidonge na Lulu wawili. Wa pili alishika upindo wa kanga ya mama kama mwenzie. Jioni Somoe aliongeza maji kwenye uji. Badru, baba yao, aliwatazama wakila, akasema, "Huyu naye atataka kandambili."

Wa serikali akawa anatibiwa serikalini, wa ng'ambo ng'ambo. Siku moja wa ng'ambo akashikwa na kifua. Daktari alipovuta dawa kwenye bomba la sindano, Somoe aliuliza ni sindano gani.

"Ya kumsaidia, mama. Kwani kuna tatizo?"

Somoe akaona haya, asije akaumbuka kwa uongo wake. "Hakuna, daktari."

Uso ukavimba, macho yakafumba. Safari hii hayakufumbuka.

Baada ya mazishi alikwenda kwa Nesi Anjelina, naye akafungua kabati. "Lulu wetu mzima, mama. Si huyo hapo mlangoni?" Daktari Kamugisha naye alisema wake hakuwa na katazo la sindano yoyote. Wote walisema kweli. Hakuna aliyevuka barabara kumuuliza mwenzie, mpaka leo.

Lulu aliyebaki hulala upande wake wa mkeka.

Basi, kina mama:

Usifiche mlikotibiwa.

Usione haya kuuliza jina la sindano, hata ukifokewa.

Usidhani zahanati zikitazamana zinaongea.

Na wakitoka wawili, usiulize yupi ndiye wako.