Mwenzake Karani

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya tangi la maji ya chumvi hadi kwapani, blauzi imelowa, na samaki niliyemnunua kwa hiari yangu mwenyewe alikuwa akinichezea shere.

"Usimkimbize," baba alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mzibie njia."

Nilikuwa nimeapa kwamba sitoki sebuleni humo bila yule samaki. Nyuma ya mawe, ndani ya shimo lake, pweza wa baba alikuwa amejifungia siku ya tano bila kula. Keshokutwa yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya mwisho ya makubaliano yetu, na akifa kabla ya hapo baba angehama nyumba yake.

Ni miaka kumi na moja sasa, na bado naona haya nikikumbuka jinsi nilivyojiona mwema.

Baba alikuwa fundi cherehani. Presha ya macho ilimnyang'anya sindano kwanza, kisha gazeti, kisha nyuso zetu. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Baba alibaki na pweza aliyemwita Karani, kwa sababu kila asubuhi alipanga mabaki ya alivyokula mlangoni pa shimo lake kama mtu anayepanga mafaili. Baba akitia mkono majini, Karani alitoka akamshika vidole, kimoja kimoja. Mimi kazi yangu ni kukagua usafi wa majiko ya mikahawa, na tangi lile nisingelipitisha. Kioo kilikuwa na utando wa kijani, na chini miguu ya kaa ilikuwa inaoza. Baba hakuwa akiyaona hayo.

"Nakupa miezi miwili," nilimwambia, kama ninavyowaambia wenye mikahawa. "Tangi likibaki hivi, Karani anakwenda chuo cha uvuvi, nawe unakuja kwangu. Na huyu akikufia humu, vilevile unakuja. Chumba kipo."

"Miezi miwili inatosha," alijibu. Hakupandisha hata sauti.

Akaingia kazini. Alimpigia simu muuza samaki wa mapambo, ambaye sote tulimwita Daktari kwa jinsi alivyoandika maelekezo yake kwenye vikaratasi: mara mbili kwa siku, baada ya chakula. Wakaanza kutafuta wanyama wa kufagia tangi. Mwanzo ulikuwa mbaya. Uduvi walifanya kazi nusu siku. Kaa wadogo wanaotembea na nyumba zao mgongoni, dazeni nzima, waliisha kwa juma moja, na Karani akazipanga nyumba zile mlangoni, safi, kwa mstari. Daktari akapendekeza yule mnyama wa miiba mirefu anayekwangua mawe. Baba akakataa katakata.

"Ngozi ya Karani ni laini kuliko hariri. Silazi hariri juu ya pini."

Waliofaa walikuwa viti vya pweza, wale viumbe wembamba wenye mikono mitano kama kamba za viatu, wanaojificha chini ya mawe na kutoka kuokota makombo. Karani aliwapapasa, akawaacha.

"Jina lenyewe lilikuwa linatuambia," baba alicheka mpaka akakohoa, "na sisi tunahangaika na kaa!"

Kwa ule utando alichagua konokono, akijua kabisa wataliwa. Konokono akifanya kazi siku tatu kabla ya kuliwa, alisema, tumepata fagio na chakula cha jioni kwa mkupuo mmoja. Kila asubuhi alipitisha vidole kwenye kioo kwa ndani, kama alivyokuwa akipima kitambaa, na palipoteleza alisugua mwenyewe. Juma la sita nilimulika tochi kila kona. Sikupata kosa.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake niliingiwa na hasira, maana chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi. Nikazua hoja mpya, upweke. Karani anahitaji mwenzake, nilisema, hakuna kiumbe anayeishi vizuri peke yake. Nikaenda kwa Daktari, nikachagua samaki wa njano kama limau, mkubwa kiasi cha kutoweza kuliwa.

"Mkubwa hivyo atakuwa na yake," Daktari alisema.

"Nifungie," nikamwambia.

Jioni zilizofuata nilikuja nikakaa mbele ya tangi, nikaona picha nzuri. Mimi mwenye macho mawili mazima! Ni baba aliyenipigia kazini Alhamisi ile.

"Karani haji mkononi tangu Jumapili. Leo kanifikia kwa mkono mmoja tu, na ncha yake imeliwa."

Nilifika na tochi. Mikono miwili ya Karani ilikuwa na alama za meno, na samaki alikuwa akipita na kurudi mbele ya shimo kama askari wa zamu.

"Umemletea mgeni chumbani kwake," baba alisema, "halafu unasema ni kwa ajili ya upweke."

Nilivua saa, nikakunja blauzi.

Ilinichukua saa nzima. Nilimzibia njia kwa sinia la plastiki, nikambana kwenye kona, mwishowe akaingia kwenye jagi nami nikamtia ndooni. Baba alisogeza kiti, akatumbukiza mkono. Tulingoja. Kisha mkono mmoja mwembamba ulitoka shimoni, ukapapasa mchanga, ukapanda kwenye kidole chake cha mwisho na kukishika. Halafu wa pili. Nililia bila kujificha.

"Mrudishe kwa Daktari kabla hajafunga duka," baba alisema. Mkono wake ulikuwa bado majini. "Huyo nilikuwa namwona, ujue."

"Nani?"

"Samaki. Kitu kidogo cha njano, kinapita. Mwaka wa pili huu sijaona rangi."

"Baba! Mbona hukuniambia?"

"Ungemwacha humu."

Nilifunika ndoo. Nikiwa mlangoni nilimpigia mume wangu, nikamwambia kile chumba awape watoto.