Mguu wa Mwalimu wa Udereva

Mwalimu yule alikuwa amewatoa jasho madereva wengi wa mji ule. Mwanafunzi akichelewa kukanyaga klachi, mama huyo humuuliza, "Huo mguu ni wako au umeuazima?" Kwa hiyo alipobadilishiwa goti, akazinduka na kukuta unyayo umelegea kama kandambili iliyokatika ukanda, hakuwa na pa kuuficha uso. Daktari alimweleza kwamba neva inayoinua unyayo imeumia. Haijakatika, na umeme kidogo ungeisaidia kuamka.

Katika chumba cha mazoezi ya viungo, mtaalamu alikuwa binti, mwanafunzi wake wa zamani, aliyewahi kuliangusha geti la shule ya udereva akirudisha gari nyuma.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti, akimbandika vipande vya kunata vya mashine ya umeme chini ya goti.

"Marahaba, mwanangu. Taratibu, usikanyage mafuta sana."

Umeme ukamtambaa kama sisimizi, mara unyayo ukainuka. Mwalimu akampigia mumewe simu palepale.

"Mzee, nimepona. Nauinua mwenyewe."

Binti akabonyeza kitufe cha kuzima. Unyayo ukaanguka pwaa.

"Hiyo ilikuwa mashine, mwalimu."

Mumewe alisikia kila neno, akacheka mpaka akakohoa.

Tangu hapo mwalimu akawa mvivu. Mashine ikifanya kazi, yeye anapiga soga. Binti akamvumilia, kisha siku moja akamkatiza.

"Umekaa kiti cha abiria. Umeme ukija, na wewe inua."

Mwalimu akafyata mkia. Akainua, akakaza meno, akatukana kimoyomoyo, wiki baada ya wiki, na mguu ukamtazama tu.

Kisha asubuhi moja, binti akikunja waya, kidole gumba cha mguu ule kikanyanyuka. Mwalimu hakuthubutu kujisifu.

"Mashine umeizima?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimeshaichomoa," alisema binti, naye akainama kutazama. "Rudia."

Kikanyanyuka tena.

Mumewe alipokuja kumchukua, mwalimu alimsimamisha katikati ya korido, akavua kiatu. Mzee akavaa miwani, akachuchumaa. Kidole kikagoma kabisa.

"Subiri, kina aibu," alisema mwalimu.

Wagonjwa wakawapita pembeni, wakiwashangaa watu wazima wawili waliokodolea macho kidole.

"Kimetikisika," alisema mzee.

"Kimeinuka," alisema mwalimu, akijicheka mpaka machozi yakamtoka. "Sema vizuri."