Ili na Kwa Hiyo

Katika kiwanda cha mikate walimwita Hamira, kwa sababu akiingia zamu tu kazi huanza kuumuka.

Asubuhi moja mashine ya kukandia unga ilinguruma vibaya na kutoa harufu ya mpira unaoungua. Mwenzake alikuwa ameinama juu ya mashine hiyo. Hamira akakimbilia swichi, akazima. Unga ukakaa humo hadi ukachacha, na maduka yakakosa mikate.

Meneja mpya, mgeni asiyejua Kiswahili, akamwita ofisini. Hamira alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza, lakini hakutaka kusemewa. Akajikaza: "I stopped the machine so that the bread spoil."

Meneja akakunja uso, akamuuliza tena, polepole. Hamira, akidhani hajasikika, akarudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Akaambiwa aende nyumbani mpaka aitwe.

Wifi yake, mwalimu wa Kiingereza, alimkuta jikoni akimenya viazi kwa hasira, maganda manene kuliko viazi vyenyewe.

"Hebu niambie ulivyosema, neno kwa neno."

Akamwambia. Wifi akashika kichwa.

"Umejichongea mwenyewe! Umesema ulizima ili mikate iharibike."

"Mimi? Nimesema nilizima, mikate ikaharibika!"

"Hapo ungesema 'so', basi. Hiyo ni kwa hiyo: jambo limetokea, likaleta jingine. 'So that' ni ili. Hiyo ni nia, ulichokitaka moyoni."

"Kineno kimoja tu?"

"Kimoja tu."

Hamira akaweka kisu chini. Tangu atoke kazini alikuwa akimlaani yule bwana, kumbe alikuwa amemsikia vizuri kabisa. Akamfikiria mumewe, ambaye akichelewa kurudi huambiwa amefanya hivyo ili kumkera. Huenda alichelewa tu, na yeye akakereka.

"Nimpigie simu meneja wako?" wifi akauliza.

"Hapana. Nimeharibu kwa mdomo wangu, nitatengeneza kwa huohuo. Nifundishe."

Kesho yake hakungoja kuitwa. Alisimama mbele ya meza ya meneja na kusema, kwa Kiingereza cha kusitasita, kwamba alizima mashine ili mwenzake asiumie. Unga ulikaa mno, kwa hiyo mikate ikaharibika.

Meneja akamwita fundi. Fundi alipofungua kifuniko, mkanda ulikuwa umechanika, umebaki nyuzinyuzi. Meneja hakuomba radhi. Alisema tu kwamba safari nyingine aambiwe mapema, akamwashiria Hamira avae aproni.

Wakisubiri mkanda mpya, walikanda kwa mikono. Mwenzake, jasho likimtiririka, akamgeukia.

"Kwa hiyo ulizima kwa ajili yangu?"

"Nilizima ili ubaki na mikono ya kukandia," Hamira akasema. "Kanda!"