Mistari Yenye Jina la Ajwang

Ajwang ndiye aliyemtoa Okwir getini. Watu wa ofisi ile ya Kisugu walikuwa wepesi wa kusahau, yeye hakusahau. Alimkuta ni askari wa kampuni ya ulinzi, bunduki kuukuu begani, mtu mzima mwenye mke, aliyezaliwa kota za polisi za Naguru, akichungulia kompyuta za wenzake dirishani. Akamwonea huruma. Kiswahili kiliwaunganisha: Ajwang alitoka nacho Kenya, Okwir alilelewa nacho kambini, na wengine pale ofisini walikiona ni lugha ya askari, ya amri na viboko. Kila saa ya chakula alimkalisha mbele ya skrini nyeusi isiyo na picha hata moja, akamfundisha.

Somo la kwanza lilikuwa herufi mbili, p na s. Ukiziandika ipasavyo, mashine inakufungulia tumbo lake: kila kazi inayoendeshwa humo ndani inajitokeza kwenye mstari wake, pamoja na jina la mwenye kuiwasha na amri nzima aliyoiandika. Ajwang alimwambia awe anatazama kila mara, hata pasipo tatizo, mpaka aizoee mashine. Okwir akatazama. Bidii alikuwa nayo, tusimnyime haki yake. Hata mwizi ana bidii. Haukupita muda mrefu, Ajwang akamwombea kwa bosi, akapewa meza, akaachana na bunduki.

Kazi ya ofisi ilikuwa kuwapelekea wakulima wa kahawa bei za soko kwa simu. Programu ya kutuma ujumbe ilikuwa ya Ajwang: aliitunga mwenyewe, akaiwasha kwa jina lake, na tangu hapo haikuwa imezimwa. Ndiyo iliyomweka mjini. Kibali chake cha kazi kiliombwa na ofisi; kazi ikienda, kibali nacho kinakwenda, naye atarudi Siaya mikono mitupu kwa ndugu waliomcheka alipoondoka.

Siku mambo yalipoharibika, mashine ilikuwa inajikokota tangu asubuhi na bei hazifiki. Bosi wao Helen, mama mwenye sauti ya chini na subira fupi, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Ajwang. Okwir hakuwepo, alikuwa darasani, chuo cha Kyambogo. Ofisi ilimruhusu kusoma. Ajwang akaandika herufi zake. Mstari mmoja ulikuwa unanyonya karibu nguvu zote za mashine. Helen hakujua kompyuta, ila kusoma jina alijua.

"Nnyabo," akamwita, yaani mama, "hii si jina yako?"

Lilikuwa lake, na kazi yenyewe hakuijua. Ajwang alishtuka, na katika kushtuka mkono ukafanya ulichozoea: akaiua kazi ile palepale, kabla hata ya kufuatilia ilianzia meza gani. Mstari ukatoweka. Machoni pa Helen, huko kulikuwa kufuta nyayo. Akauliza ilikuwa inafanya nini. Ajwang, kwa ujinga wa kusema kweli, akamweleza kwamba, kwa alivyoisoma amri yake, ni programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni, inakula umeme wa ofisi na faida inakwenda kwa aliyeiwasha. Helen akauliza ni nani mwingine anayejua neno lake la siri. Hapo ndipo Ajwang alipojimaliza. Aliinua kidevu, maana kazi yake alijivunia, akasema hakuna.

"Basi umejijibu," Helen akasema.

Asubuhi iliyofuata aliitwa kukabidhi. Okwir alikuwa amekwisha kukaa kwenye kile kiti, shati limenyooshwa pasi, macho chini kama yuko msibani. Helen alimwamuru kwanza anakili data zote za ofisi, zisije zikapotea. Ajwang akamtazama anavyoandika. Alipofika mahali pa neno la siri, Okwir hakuliandika ndani ya amri. Aliiacha mashine imuulize yenyewe, ndipo akaliingiza bila herufi hata moja kuonekana.

Tahadhari hiyo Ajwang hakuwahi kumfundisha. Akamuuliza ameitoa wapi.

"Kwako, Madamu," Okwir akasema taratibu, bila kugeuka. "Ile siku ulikuwa na haraka ya bekapu, uliandika paswadi ndani ya laini. Mimi nilikuwa naangalia procesi, vile ulisema. Laini yote ilikuja."

Ajwang aliikumbuka siku hiyo. Aliandika kila kitu kwa mkupuo, na neno lilikuwa lile lile analoingilia kila mahali. Akamgeukia Helen, akaeleza kwa hasira na aibu, tangu mwanzo hadi mwisho, jinsi Okwir alivyolipata neno lake na kuingia kwa jina lake. Helen alimsikiliza. Kisha akasema kwamba yeye alichosikia ni kuwa Okwir ni mwangalifu na Ajwang si mwangalifu, na kwamba jana ni Ajwang huyu huyu aliyeapa hakuna anayejua. Akamwambia Okwir atoe kwenye mashine kila kitu chenye jina la mama huyu.

Okwir akaandika p na s. Mistari ya Ajwang ikajipanga, michache tu, na mmojawapo ulikuwa wa kutuma bei. Kuiwasha upya programu hiyo kulikuwa na hatua zake, na hatua hizo alizijua Ajwang peke yake. Okwir akageuza shingo kwa mara ya kwanza, akamtazama Ajwang. Alikuwa na hofu.

"Madamu, naua yote?"

Ajwang angeweza kumwambia auache ule wa bei. Wakulima hawakumkosea kitu, na programu ile aliipenda kuliko alivyowapenda watu wengi. Lakini moyo ulikuwa mchungu.

"Si umemsikia bosi."

Okwir akabonyeza. Mistari ikaondoka, na jina la Ajwang halikuonekana tena popote kwenye mashine ile.

Akachukua mkoba wake. Hakuhisi ameshinda, alijichukia karibu sawa na alivyomchukia yule kitini. Alipofika uani, simu za ofisi zilikuwa zimeanza kulia, moja, kisha nyingine. Getini alikuwepo askari mpya. Alimfungulia, akatabasamu, akamsalimu kwa Kiswahili.

Ajwang alipita bila kumwitikia.